Mukono Ulifungaka na Kitambaa

Beni, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja 1998

Mama yangu mupenzi,

Salamu mingi kwako na kwa dada yangu Séphora. Mugongo yako inaendelea aje na hii mvua? Na ile mbuzi ya kichwa nyeupe, ilisha kuzaa? Mimi niko muzima, nakula, nalala, namushukuru Mungu.

Mama, unisamehe juu nilitoka bila kuaga. Najua uliamka ile siku ya Mungu kwenda kusali, ukakuta kitanda baridi, ukaanza kuulizia bajirani. Nilisikia haya kukuamsha. Kasonia, ule chauffeur wa camion ya bluu, alinipandisha juu ya mifuko ya maharagi mpaka huku, na ni yeye anakuletea hii barua. Ukitaka kunijibu, umupe yeye mu mukono. Poste hakuna tena, weye unajua, depuis hii vita ianze.

Huku Beni basoda beko kila fasi, bengine banasema Lingala, bengine Kiganda, na mutu anatembea akiangalia chini. Mais kazi iko. Nabeba mifuko ya ciment ku dépôt, sawa vile nilikuwaka nabeba ku parking ya Butembo. Na kuko kitu ingine, usikasirike kwanza. Siku ya tatu, chargeur mumoja, mubeba mizigo sawa mimi, alitaka kuninyanganya mufuko ku mabega. Nilimupiga mara moja tu, akakaa chini. Muzee mumoja alikuwa anaangalia, jina yake Ananie, zamani alikuwaka sergent mu jeshi ya Zaïre. Anafundisha boxe, kupigana ngumi, mu hangar ya kahawa yenye hakuna tena kahawa. Akanifuata, akasema: «Weye gaucher, weye wa mukono ya kushoto, mara ingine ukitaka kupiga mutu, umupigie mu ring, batu batakupigia makofi.»

Nikaenda kuona. Kuko kamba, kuko gants za kuvaa ku mikono, kuko saa ya kuanza na saa ya kuacha. Hii ni kazi, Mama, si fujo ya parking. Hakuna mutu atakuja tena kukulalamikia ku mulango.

Kasonia ananiambia Phinées wa kwaya aliumizwa ile posho, magaribi ya mbele ya ile siku ya Mungu nilitoka. Pole yake. Anaendelea aje?

Unisalimie batu bote ba Mususa.

Mutoto wako,
Muyisa


Butembo, Mususa, tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili 1998

Muyisa mwana wangu,

Wasingya, aksanti kwa barua. Séphora aliisoma mara mbili, mara ya pili nilimuambia apunguze mbio. Sasa mimi nasema, yeye anaandika. Mugongo na mimi tumesha kuzoeana. Mbuzi ilizaa mapacha, moja ikakufa. Na weye unakula nini huko? Nani anakupikia?

Umeuliza Phinées. Mufupa ya taya ilivunjika fasi mbili, upande wa kuume. Mimi shemasi njo nilimuosha damu ile magaribi, kwa hii mikono yangu. Anakunywa uji ya bouillie na murija ya chalumeau sawa mutoto. Kuimba, basi, imekwisha. Yeye mwenyewe hakumbuki kitu. Anasema alienda ku parking kukuita urudi nyumbani, juu balikuwa banakupangia tena pigano. Ni mimi nilimutuma, Muyisa. Nilimuambia, «weye anakuheshimu, weye atakusikia.» Kisha anasema ni giza tu.

Rafiki yako Lusenge njo balimukuta nyuma ya kiosque, amemubeba Phinées, shemizi yote damu. Na ile wiki yeye na Phinées balikuwa bamegombana mbele ya kwaya nzima juu ya nani ataongoza nyimbo za Noeli. Donc baraza ya bazee ikakaa. Lusenge akasema, «si mimi.» Bakamuuliza, «basi nani?» Akasema hajui, alifika kisha ya ile yote. Hakuna mutu alimuamini. Bamemutia mu nizamu: hakuna Meza ya Bwana, hakuna kwaya, hakuna kufundisha tena batoto ku masomo yetu. Atakaa ku banki ya nyuma, ile benchi ya mulango, mpaka asimame mbele ya kanisa na aungame. Muchungaji akasema, mwenye kukubali anyanyue mukono. Na mimi nilinyanyua.

Mwana wangu, uko na neno ya kuniambia? Nauliza tu. Weye ulikuwa ku parking ile magaribi. Kama uliona kitu, sema na mama yako.

Hii kazi ya kupiga batu kwa saa, sijue niseme nini. Uombe mbele ya kuingia.

Mama yako,
Débora

Kaka, ni mimi Séphora. Usisahau kitenge yangu ya Uganda, ya rangi ya njano. Sisemi tena.


Beni, tarehe 23 mwezi wa munane 1999

Mama,

Habari ya siku mingi! Najua unasema, «ule mutoto alikufa.» Sikukufa. Nimenona hata! Ananie anatulisha mayai na ndizi, na kila asubui tunakimbia mpaka ku njia ya Mangina na kurudi, batu ba mashamba banatucheka, eti tunakimbia nini na hakuna mutu anatufukuza.

Mama, mutoto wako sasa ni professionnel. Niko na licence ya boxe, na photo yangu na muhuri ya tampon juu. Posho iliyopita, saa tisa ya mchana, nilipigana na mutu wa Bunia, mukubwa sawa kabati. Uwanja ulijaa mpaka ku ukuta, basoda na raia pamoja, bote banapiga kelele: «Ciment! Makasi! Ciment! Makasi!» Njo jina bamenipa, Ciment. Round ya ine nikamuangusha na ngumi ya crochet ya kushoto. Ananie alilia. Muzee mwenye alipigana vita mbili, analia juu yangu!

Anasema hii mukono yangu ya kushoto ni dawa, batu hawaizoee, inatoka fasi hawaitazamii. Unakumbuka, Mama? Ulikuwaka unaifunga na kitambaa ku mugongo wakati ya kula, juu nisikutie haya mbele ya bageni. Kumbe ulikuwa unafunga mukate yetu! Nacheka nikiandika. Nakutumia photo, uone vile mutoto wako anasimama.

Uliniuliza kama niliona kitu ile siku. Sikuona kitu. Nilikuwa nimesha kuondoka.

Mutoto wako,
Muyisa Ciment


Butembo, Mususa, tarehe 13 mwezi wa pili 2000

Muyisa mwana wangu,

Upokee salamu ya mama yako. Sisi tuko bazima. Weye je? Ile macho ilivimba mu photo, ilipona?

Utaona muandiko umebadilika. Séphora aliolewa na kijana wa Lubero, mutu mupole, anafuga ngombe. Nilikutumia habari na Kasonia uje ku ndoa, ukasema uko na combat mu ring. Basi. Sasa nimepata mutu mwingine wa kunisomea na kuniandikia, mukono yake ni muzuri, hata muchungaji hana muandiko kama huu. Nitakuandikia mara mingi. Na weye ujibu.

Photo niliitia mu Biblia, uso chini.

Habari ya huku. Basoda balipita mu Vulamba banatafuta Mai-Mai, bale bapiganaji ba pori, batu bakalala mu mashamba siku mbili, kisha bakarudi. Phinées anakula bugali sasa, mais kinywa inaenda kando. Nikipita kwake ananiuliza habari yako, na anakuombea. Lusenge bado iko mu nizamu. Familia ya Nadège, muchumba wake, balirudisha mbuzi zake za mahari, bakasema hawapeane binti kwa mutu wa kuvunja batu. Anafanya kazi ndogo-ndogo ku soko. Kila siku ya Mungu anakuja, anakaa ku banki ya nyuma. Wakati ya Meza anatoka inje, anasimama ku mvua kama kuko mvua, kisha anarudi kukaa. Bazee banamuambia, «ungama tu, imalizike.» Anasema hawezi kuungama kitu hakufanya, hiyo ingekuwa uongo mbele ya Mungu.

Mwenye kuandika anaomba apumzike kidogo. Kumbe mukono yake nayo inachoka.

Muyisa, mulango yangu iko wazi. Neno yoyote uko nayo, uniandikie.

Mama yako,
Débora


Butembo, Mususa, tarehe 30 mwezi wa ine 2000

Mwana wangu,

Salamu. Hii ni barua ya ine tangu Mwaka Mpya. Kasonia anasema anakupa yote mu mukono na unaziweka mu mufuko. Niko muzima. Lusenge aligonjwa malaria, akapona.

Sina neno ingine. Nilitaka tu uone jina yake.

Mama yako,
Débora


Beni, tarehe 8 mwezi wa saba 2001

Mama,

Sijue nianze namna gani, kwanza nikusalimie. Mugongo? Mbuzi? Séphora amezaa? Barua zako kumi na moja ziko hapa mbele yangu, zote nilizifungua, zote nilizisoma. Unisamehe.

Mama, mbele ya kusikia maneno yenye kufuata, umuapishe ule mwenye kukusomea. Kama ni mutu wa kanisa, umuapishe mara mbili.

Mwezi uliopita Ananie alinipeleka Kampala. Salle kubwa, taa, batu bamevaa cravate. Nilipigana na Muganda mumoja, kijana wa heshima, alinipa mukono mbele ya kuanza na akaniuliza kama nilisafiri muzuri. Round ya sita niliona taya yake iko wazi upande wa kuume. Nikatupa kushoto. Mama, nilisikia mufupa. Si kwa masikio, kwa mukono. Na mukono ikakumbuka. Ikaniambia, «hii tunaijua.» Batu bakasimama, bakapiga makofi, arbitre, mwamuzi, akanyanyua ile mukono juu, na mimi nikatapika mu coin, kona yangu, mbele ya batu bote. Ananie akabaambia ni malaria.

Kesho yake nilienda kumuona ku hôpital. Alikuwa anakunywa bouillie na chalumeau. Akaniambia kwa ishara nisihuzunike, ni kazi. Alinisamehe hata sijafungua kinywa! Nikatoka, nikakaa chini ku ngazi, nikalia mpaka infirmière, muuguzi wa pale, akaniuliza ni nani alikufa.

Ni mimi, Mama. Phinées ni mimi. Alinikuta nimesha kuvua shemizi, batu bamefanya mviringo, akaingia katikati akanishika hapa ku shingo sawa batoto banashikwa, akasema, «mama yako analia, twende.» Batu bakacheka. Bakasema, «Muyisa, mwalimu wa kwaya amekuja kukuchukua!» Nikasikia haya, haya ya bure, haya ya parking. Nikamufuata mpaka nyuma ya kiosque, nikijifanya naenda naye, na pale hakuna mutu anaona, nikamupiga. Mara moja. Akaanguka, nikakimbia. Ku kona nikapishana na Lusenge, anakuja kunitafuta na yeye. Akanisalimia. Nikamuambia, «niko na haraka.»

Nikasoma mu barua yako ya kwanza kwamba ni yeye alitiwa mu nizamu, na Mama, nitakuambia ukweli yote: nilifurahi. Nilikula muzuri ile siku. Kisha nikakuandikia uongo, «sikuona kitu,» na nikacheka juu ya ile mukono. Ilikuwa banki yangu. Miaka mbili na nusu anakaa ku banki yangu.

Usiseme na mutu. Acha kwanza nifikiri. Batu ba huku banapeana batoto jina yangu. Nitafanya nini na hii uso?

Mutoto wako, kama bado ni mutoto wako,
Muyisa


Butembo, Mususa, tarehe 22 mwezi wa saba 2001

Muyisa,

Bwana asifiwe. Mama yako iko muzima, mugongo inamusumbua wakati ya baridi. Mimi niko muzima.

Mwenye kumusomea mama ni mimi, Lusenge. Depuis Séphora aolewe. Niko na meza ku mulango ya soko, na bic na karatasi, naandikia batu barua, juu bazee balininyanganya batoto ba masomo. Mama yako alikuja siku moja na maharagi mu kikapo, akasema, «uniandikie.» Kila barua nimekuandikia ni mukono yangu. Ile yenye inasema familia ya Nadège balirudisha mbuzi zangu, niliandika mimi mwenyewe, jina yangu sawa jina ya mutu mwingine. Njo hapo niliomba kupumzika.

Donc uliandika, «umuapishe ule mwenye kukusomea.» Nikasoma ile kwa sauti, kwa mama yako, mu nyumba yake. Kisha akasema, «Sina haja ya kumuapisha. Endelea.» Nikaendelea. Nilipofika ku «ni mimi,» nikaweka karatasi chini. Akaniambia, «Soma, mwana wangu. Soma mpaka mwisho, hii barua ni yako, nimeingojea nawe.»

Kumbe alijua. Alijua tangu ile magaribi. Alipomuosha Phinées aliona kidonda iko kuume, na mutu wa kupiga na kushoto, mu Mususa yote, anajua mumoja tu, ule alimufungia mukono na kitambaa. Na alinyanyua mukono yake mu baraza. Aliniambia hivi akipiga magoti mbele yangu, mama wa umri ule. Nilikimbia kumuinua, akakataa. Sijakusamehe juu ya ile, Muyisa. Ya miaka yangu tutaongea siku ingine. Mais kuona Mama Débora ku magoti mbele yangu, hapana.

Mimi sijamuambia mutu. Ningeweza. Barua iko na mukono yako, nilikuwa na haki ya kuipeleka ku muchungaji ile saa. Nilienda nayo mpaka ku mulango yake, nikarudi. Nataka batu baisikie ku kinywa yako. Tarehe saba mwezi wa kumi ni siku ya Mungu, ni Meza ya Bwana. Kuja.

Lusenge


Beni, tarehe 12 mwezi wa munane 2001

Ndugu Lusenge,

Nimeandika hii barua mara ine, nimepasua mara ine. Nisikuulize afya, nasikia haya kukuuliza afya.

Bila shaka Mama alikusomesha maneno yangu yote, na ya barua za zamani, hata ile ya photo, hata «nacheka nikiandika.» Nikifikiri ile nafunika uso, mutu mukubwa, mu hangar, mbele ya benzangu.

Lusenge, mimi naogopa. Mu ring siogopi. Naogopa ile njia ya katikati ya mabanki, macho ya bamama, kwaya inanyamaza. Naomba kitu moja: nitaandika maungamo yangu yote, na signature, na majina, weye usome mbele ya kanisa. Sauti yako ni muzuri kuliko yangu. Batajua ukweli, na weye utarudi ku Meza. Si ni ile tu inahitajika?

Ndugu yako,
Muyisa


Butembo, Mususa, tarehe 26 mwezi wa munane 2001

Muyisa,

Salamu. Mama iko muzima.

Hapana. Nimesoma kwa ajili ya batu bengine ya kutosha. Maneno ya hii zambi ilikaa mu kinywa yangu miaka mbili na nusu, batu banangoja niitapike. Sitaisoma.

Tarehe saba.

Lusenge


Butembo, Mususa, tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2001

Muyisa.

Ni mimi. Mama. Naandika na mukono yangu.

Lusenge ananifundisha tangu mwezi wa saba. Nilimuambia kuko maneno siwezi kumupa aandike. Hii barua imenikula wiki tatu. Usicheke maherufi.

Tarehe saba tulikungoja. Nilikuwa nimepika. Nilivaa kitenge ya Pasaka. Phinées aliingia, kwaya iliingia. Kila mara mulango unafunguka nageuka. Lusenge hakugeuka. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Muchungaji akauliza kama kuko mutu wa neno mbele ya Meza. Nikangoja. Nikahesabu mpaka ishirini. Kisha nikasimama mimi.

Nilisema, mimi Débora, shemasi, niliona kidonda na nikajua mukono. Nikanyanyua wangu juu ya mutu asiye na kosa, kwa kuokoa mutoto wangu. Miaka mitatu nimegawa mukate ya Bwana na hii mikono. Sikusema jina yako. Nilisema, jina ya mwenye kupiga ni yake kuisema. Mais kila mutu alijua, Muyisa. Mimi niko na mutoto mwanaume mumoja tu.

Bamemutoa Lusenge mu nizamu. Balimuita ku Meza. Batu balilia. Mimi bamenitia mu nizamu, ni haki. Niko ku banki ya nyuma. Wakati ya Meza natoka inje.

Siku ya Mungu ya pili nilikuta Lusenge amekaa ku ile banki. Nikamuambia, weye uko huru, enda mbele. Akasema amezoea huku, kuko hewa.

Phinées alikuja kunisalimia. Alisema na ile kinywa yake ya kando, «Mama, ni mimi nilimushika shingo mbele ya benzake.» Anatafuta kosa yake mwenyewe! Nilisikia haya kuliko siku zote.

Sikuite tena. Nimekuita barua kumi na moja. Nilikufunga mukono ukiwa mudogo, na ile magaribi ilikuwa kinywa nilipaswa kufungua, nikafunga yangu. Hii ni kosa yangu. Yako ni yako.

Mama


Butembo, Vulamba, posho, tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 2001

Mama,

Nimeandika maherufi makubwa na maneno mafupi. Usimupe Lusenge asome. Soma weye.

Mugongo yako inaendelea aje?

Niko huku Vulamba, ku nyumba ya Kasonia. Leo ni siku ya tatu. Kutoka hapa mpaka kwako ni mwendo wa saa moja ku miguu. Sijatoka. Jana nilienda mpaka ku boutique ya sabuni, kijana mumoja akaniona, akapiga kelele, «Ciment!» Batu bakakuja kunipa mukono. Nikabapa ya kuume.

Tarehe saba nilikuwa njiani. Nilifika mpaka Maboya, mu njia ya Butembo. Niliteremka pale, nikapanda motokari ingine, nikarudi Beni. Nilikuwa nataka kukuandikia eti basoda balifunga njia. Nilimuomba Kasonia aseme vile vile, akakataa. Njia ilikuwa wazi, Mama. Haikuwa vita. Ilikuwa mimi.

Ananie ananingoja. Kuko combat ya Noeli, bamesha kubandika photo yangu ku kuta. Nilimuambia siendi. Aliniuliza juu ya nini. Nikamuambia. Ni yeye mutu wa kwanza nimemuambia kwa kinywa. Akanifungua vitambaa za bandes ku mikono, polepole, moja, na ingine, sawa vile anafanyaka kisha ya combat.

Kesho ni siku ya Mungu. Nitakuja. Sitaapa, juu niliapa mbele ya Maboya pia. Nitasema jina yangu, na ya Phinées, na ya Lusenge, na yako. Nimejifunza ile maneno kwa moyo. Naisema ku ukuta ya Kasonia, na hata ku ukuta narudia mwanzo.

Labda sitafika mbele mara moja. Labda miguu itakataa pale ku mulango.

Mama, ukinisikia naingia, usiinuke kunipokea, na usigeuke. Musogee tu kidogo, weye na Lusenge, muniachie fasi ku banki.

Mutoto wako,
Muyisa